Kichwa kinapimwa kutoka wapi? Kisa cha simuleta sita za malori

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kinahusu chuo cha udereva katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, na karakana ndogo ya watu wanne, mimi nikiwa mmoja wao, iliyopewa kazi ya kukitengenezea simuleta sita, yaani mashine za kuigiza uendeshaji, za kufundishia malori. Majina ya chuo, mji na watu nimeyaacha. Mfuatano wa mambo ni kama ulivyokuwa.

Chuo kilikuwa na lori moja la mazoezi na foleni ndefu ya wanafunzi. Dizeli ilikuwa inakula ada yote, na mwanafunzi aliweza kumaliza wiki nzima akiwa ameshika usukani kwa dakika chache tu. Tena kuna mambo ambayo hata ukiwa na malori kumi huwezi kuyafundisha barabarani bila kuhatarisha watu: breki kupata moto ukiteremka mlima Kitonga na mzigo, au trela kuanza kukata kona upande usioutaka. Kwa hiyo uongozi ulitaka viti sita: vinne vilivyofungwa sakafuni, na viwili juu ya jukwaa lenye pistoni tatu za umeme, linaloinama mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kupanda kushuka. Mwanafunzi angevaa miwani ya uhalisia pepe na kuiona kebini nzima ikimzunguka.

Chumba tulichopewa kilikuwa darasa la zamani: madirisha ya luva upande wa magharibi, kuta nyeupe tupu zilizopigwa chokaa, tyubulaiti juu, na mlangoni ubao wa matangazo wenye kioo. Nayataja mapema kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo vinne kilikuja kutusumbua kwa zamu yake.

Kwa nini kichwa ndicho kilichotutoa jasho

Ukimwambia muuzaji unatafuta miwani kwa ajili ya simuleta ya kukaa, mara nyingi atakwambia ufuatiliaji wa kichwa si jambo la kuumiza kichwa, maana mtu haendi popote. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, lakini kwa dereva wa lori si sahihi.

Dereva wa lori anafanya kazi kwa shingo na kiwiliwili. Anaporudi nyuma na trela hageuzi uso peke yake, anajisogeza hadi karibu na dirisha ili aukamate mkia wa trela kwenye saitimira. Anapoingia njia panda anainama mbele, kisha anarudi nyuma kidogo, ili aone kilichojificha nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele. Bodaboda nzima na abiria wake inaweza kupotea pale, kati ya nguzo na saitimira. Miwani inayojua tu kwamba kichwa kimegeuka, bila kujua kwamba kimesogea, haiwezi kumfundisha mtu tabia hiyo. Mwanafunzi ataegemea, na kebini itaegemea pamoja naye kana kwamba imegundishwa puani pake. Mbali na kumnyima somo, hiyo ni njia ya haraka ya kumpa kichefuchefu, kwa sababu sikio la ndani linasema amesogea na jicho linasema hajasogea.

Sharti letu la kwanza likawa hilo: kugeuka kwa namna tatu, na kusogea kwa namna tatu, vyote vifuatiliwe.

Hatua ya kwanza: skrini pana na kamera ndogo

Tulianza na njia rahisi. Skrini kubwa mbele ya kiti, na kamera ndogo juu yake inayosoma mkao wa uso. Teknolojia hii inatumika miaka mingi na wapenzi wa michezo ya ndege na magari, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Shida yake ni kwamba skrini iko mbele tu, kwa hiyo programu inabidi izidishe mwendo: ukigeuza kichwa nyuzi 20, picha inageuka nyuzi 80 au 90, huku macho yako yakibaki kwenye skrini.

Mwalimu mkuu wa vitendo, mzee aliyeendesha semi kati ya Dar es Salaam, Tunduma na Lubumbashi kwa zaidi ya miaka ishirini, alikaa, akaendesha dakika kumi, akazima mwenyewe.

"Kijana wangu," akaniambia, "hapa unamfundisha mtu kuangalia saitimira kwa kuibia. Akiingia barabarani ataibia hivyohivyo."

Alikuwa na haki. Shingo ya mwanafunzi ingejifunza nyuzi 20 mahali panapotakiwa 70. Tuliiacha njia hiyo siku ileile.

Hatua ya pili: miwani yenye kamera zake

Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi miwani inavyojua iko wapi.

Miwani mbili zilizofungua soko mwaka 2016 zilifuata njia mbili tofauti. Oculus Rift ilikuwa na taa ndogo za infraredi kwenye miwani, na kamera mezani ikizitazama. HTC Vive iligeuza kibao: vijisanduku viwili ukutani vinafagia chumba kwa miale ya leza, na vihisio vilivyo kwenye miwani vinapima ni lini mwale umepita, ndipo miwani inajipigia hesabu ya mahali ilipo. Kuanzia 2019 zikaenea miwani zenye kamera usoni mwake, zinazotazama chumba na kukumbuka kona, fremu za picha na kingo za meza. Hizo hazihitaji kufunga chochote ukutani, na bei yake iko chini.

Zote, bila kujali njia, zina kihisio cha mwendo ndani. Kinasoma karibu mara 1,000 kwa sekunde, na ndicho kinachofanya picha ifuate kichwa papo hapo. Mafundi wengi hulenga picha ibadilike ndani ya milisekunde 20 tangu kichwa kisogee. Lakini kihisio hicho peke yake hakiwezi kukwambia uko wapi. Kikikosea kidogo tu, tuseme mita 0.01 kwa sekunde kwa sekunde, baada ya sekunde 10 kosa la mahali ni nusu mita, na baada ya dakika moja ni mita 18. Ndiyo maana lazima kuwe na kitu cha nje cha kukirekebisha kila wakati, kamera au leza.

Tulinunua miwani sita za kamera kwa mkupuo, za mtumba. Kulikuwa na nyingine za bei nzuri zaidi zinazotegemea mfumo wa Windows Mixed Reality, tukazikataa, kwa sababu Microsoft ilitangaza Desemba 2023 kwamba inauacha mfumo huo, na toleo la 24H2 la Windows 11 likauondoa kabisa. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Kununua sita kwa pamoja kabla ya kujaribu moja hakukuwa uamuzi mzuri, nami ndiye niliyeusimamia.

Asubuhi zilifanya kazi vizuri mno. Saa kumi jioni jua likapenya kwenye luva na kuchora mistari sakafuni na ukutani, mistari inayosogea taratibu, na kamera zikaanza kuichukulia kama alama za chumba. Kebini ikawa inateleza polepole. Tulifunga mapazia mazito, chumba kikawa giza, tukawasha tyubulaiti, na sasa picha ikatetemeka. Umeme wetu ni wa hezi 50, tyubulaiti za kizamani zinamulika mara 100 kwa sekunde, nazo miwani tatu kati ya sita zilikuwa zimepangwa na wenyewe wa awali kwa umeme wa hezi 60. Kubadilisha mpangilio huo kulichukua dakika moja kwa kila miwani. Kugundua kwamba ndio wenye shida kulituchukua siku tatu.

Ukuta mweupe nao ulikuwa mtihani, maana kamera haioni cha kushika. Tulibandika mabango ya alama za barabarani, makubwa kwa madogo, kila moja tofauti na jirani yake. Mwalimu alifurahi kwa sababu zake, sisi kwa zetu. Baada ya hapo viti vinne vya sakafuni vilitulia.

Jukwaa linapoanza kuinama

Kiti cha tano kilikuwa juu ya jukwaa. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa binti mtulivu aliyekuwa amefanya vizuri kwenye viti vya chini. Tulimwekea mteremko wa Kitonga, lori limebeba saruji, na Mwalimu amesimama pembeni. Akashuka gia, akagusa breki. Jukwaa likainama mbele kama linavyotakiwa, ili uzito wa mwili umvute aone breki imeshika. Akarudisha kichwa nyuma ghafla, mikono ikaachia usukani.

"Usukani umenijia usoni," alisema.

Tukaangalia kwenye skrini ya mwalimu, ni kweli. Hesabu yake ni nyepesi: kichwa kikiwa mita 1.2 juu ya egemeo, yaani mahali jukwaa linapozungukia, na jukwaa likainama nyuzi 5 tu, kichwa kinasogea karibu sentimita 10. Miwani iliona kichwa kimesogea sentimita 10 mbele ndani ya chumba, ikaripoti hivyo kwa ukweli kabisa. Programu, ambayo kebini yake ilikuwa imepigiliwa kwenye chumba, ikampeleka dereva sentimita 10 kuelekea usukani. Wakati ule mkanda umemshika na usukani halisi umeinama naye, mikono yake inajua haujasogea.

Tulipoendelea ikaja kasoro ya pili, mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa kimya. Kila baada ya muda kamera zilikuwa zinashika vitu vya kwenye jukwaa, dashibodi na usukani, badala ya kuta. Dashibodi inasema hatujasogea, kihisio kinasema tumesogea. Miwani inaamini huyu kidogo na yule kidogo, na kila mara inapobadilisha mawazo, kebini inahama. Baada ya kama dakika kumi na mbili kiti cha kwenye picha kilikuwa shibiri moja kulia kwa kiti halisi. Dereva anaendesha akiwa amekaa kwenye lever ya gia.

Njia tulizozipima na sababu za kuziacha

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuzime kusogea na kubakiza kugeuka tu kwa viti vya jukwaa. Ingetibu usukani kuja usoni mara moja. Tulikataa kwa sababu ya saitimira, na hata leo nadhani hoja ile ilikuwa na nguvu kuliko nyingine zote, kwa kuwa ilitoka kwenye kazi ya dereva.

Pendekezo la pili lilikuwa kujenga kibanda cha mbao juu ya jukwaa, ili kamera zione ndani ya kibanda peke yake. Tulikijaribu kwa maboksi. Kamera zilitulia, lakini kihisio bado kilikuwa kinahisi kila msukumo wa pistoni, kwa hiyo picha ikawa inaruka mbele na kurudi kila breki inapoguswa. Dakika saba, na kijana wetu mwenye tumbo gumu kuliko wote akaomba kutoka nje.

La tatu, kuchukua amri zinazotumwa kwa pistoni na kuzitoa kwenye mwendo wa kichwa kwa hesabu. Kwenye karatasi ni safi na haligharimu kitu. Ila amri si mwendo. Pistoni ikibeba mtu mzito inachelewa, ikibeba mwepesi inawahi, na pengo hilo dereva analiona kama kebini inayopumua.

Uamuzi

Kilichotufungua ni kuacha kuuliza ni miwani ipi nzuri na kuanza kuuliza kichwa kinapimwa kutoka wapi. Anayekaa kwenye kiti cha sakafuni, chumba na kiti ni kitu kimoja, kwa hiyo kamera zinatosha. Anayekaa kwenye jukwaa, anachohitaji ni mahali pa kichwa chake kwa kulinganisha na kiti. Ili kupata hicho unahitaji vipimo viwili kutoka chanzo kimoja kisichotikisika: cha kichwa, na cha jukwaa lenyewe. Ukitoa cha pili kwenye cha kwanza, unabaki na mwendo wa shingo.

Kwa viti viwili vya jukwaa tukachagua miwani za leza, vijisanduku vimefungwa kwenye jengo, na kifuatiliaji kidogo cha leza kimefungwa kwa bolti kwenye jukwaa. Programu ya kufidia mwendo inakaa kati ya miwani na programu ya simuleta, inatoa mwendo wa kifuatiliaji kwenye mwendo wa miwani kila picha inapochorwa. Kwa kuwa kifuatiliaji kinatoa mahali pamoja na mwinamo, hatukuhitaji hata kujua egemeo la jukwaa liko wapi hasa.

Kulikuwa na faida nyingine iliyotusaidia kumshawishi mhasibu wa chuo. Vijisanduku vya leza havimtazami mtu yeyote, vinamulika tu, na kila miwani inajisomea. Viti viwili vikatumia vijisanduku vilevile, na vikiongezwa vingine ndani ya eneo hilo havitahitaji vipya.

Miwani mbili za kamera zilizobaki zikawa akiba ya viti vya sakafuni.

Ufungaji, na makosa mengine mawili

Tulifunga vijisanduku kwenye patisheni ya mbao kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na soketi. Jukwaa likianza kazi, sakafu inatikisika, patisheni inatikisika, na kijisanduku kinachodhaniwa kimesimama kinacheza. Kwa macho huoni kitu. Niliweka bilauri ya maji juu ya fremu ya patisheni, nikamwomba mwenzangu apige breki: maji yakacheza. Nikaiweka juu ya linta la zege, yakatulia. Vijisanduku vikahamia kwenye nguzo za zege, juu ya kimo cha mtu, vikiinamia viti.

Kifuatiliaji nacho tulikifunga nyuma ya mgongo wa kiti. Mgongo wa kiti unanesa mtu akiegemea, kwa hiyo dereva akijisukuma nyuma programu ilidhani jukwaa limeinama. Kikahamia kwenye chuma cha jukwaa, chini ya kiti upande wa mlango, mahali ambapo leza inafika na mguu haupiti. Umeme wake unatoka kwenye waya, hautegemei betri.

Ubao wa matangazo wenye kioo uliondolewa mlangoni. Mwale wa leza ukigonga kioo unarudi, na miwani inadhani imeona kijisanduku cha tatu. Picha ilikuwa inaruka dereva wa kiti cha sita alipogeukia mlango, na ikaacha kuruka ubao ulipofunikwa kwa shuka.

Matokeo

Kipimo chetu kilikuwa cha mikono. Tulitengeneza kibao chenye umbo la uso, kinafungwa kwenye mgongo wa kiti mahali palepale kila mara. Kabla ya zoezi miwani inawekwa pale na tunasoma mahali ilipo, baada ya dakika arobaini za Kitonga, kona na kurudi nyuma, inawekwa tena. Miwani za kamera kwenye jukwaa zilikuwa zimehama shibiri nzima. Za leza, baada ya marekebisho yote, tofauti haikuzidi upana wa kidole, na sehemu yake ilikuwa mkono wetu tulipoweka kibao.

Yule binti alirudi. Aliteremka mteremko wote, na kwenye kona ya pili akaegemea dirishani kutafuta mkia wa trela bila kuambiwa na mtu. Mwalimu hakusema neno, alinigusa bega tu.

Kichefuchefu hakikuisha kwa wote. Kilipungua vya kutosha kwa chuo kukubali mazoezi ya dakika thelathini, na kanuni ikawekwa kwamba anayejisikia vibaya anavua bila kuulizwa na haendelei siku hiyo.

Uchambuzi

Kilichotuokoa zaidi ni kumweka mwalimu wa udereva kwenye kila jaribio tangu siku ya kwanza. Sisi mafundi tulikuwa tunaangalia kama picha imetulia, yeye aliangalia mwanafunzi anajifunza nini kwa mwili wake. Njia ya skrini na ile ya kuzima kusogea zote zilikuwa na picha tulivu kabisa. Zilikataliwa kwa sababu zingezaa madereva wabaya.

Kosa kubwa lilikuwa majaribio mafupi. Kila miwani duniani inapendeza kwa dakika tano. Kuhama kwa shibiri kulihitaji dakika kumi na mbili, jua lilihitaji kufika saa kumi jioni, hezi 50 zilihitaji giza. Tungejaribu miwani moja kwa siku nzima, juu ya jukwaa, ndani ya chumba chenyewe, tungeokoa bei ya nyingine mbili na wiki kadhaa.

Jambo ambalo hatukulipa uzito na lilitugharimu imani ya wanafunzi ni pale ufuatiliaji unapopotea kabisa. Mwanzoni picha iliganda au kuruka, mtu akiwa juu ya jukwaa linalosogea. Sasa ikipotea picha inafifia kuwa kijivu, lori linasimama, jukwaa linarudi usawa taratibu. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo, imani hiyo tusingeipoteza.

Kulikuwa pia na lawama zisizo za ufuatiliaji zilizovaa nguo zake. Wanafunzi wawili walilalamika kebini inainama kushoto. Tulipekua kila kitu, kumbe ni mkanda wa miwani unateleza juu ya hijabu za kitambaa laini. Kikofia chembamba cha pamba chini ya mkanda kilimaliza jambo hilo, na sasa kinatolewa kwa kila mtu, hata wenye misuko, maana kinasaidia na jasho pia.

Yaliyobaki

Umeme ukikatika katikati ya zoezi, jukwaa linalala likiwa limeinama. UPS, yaani betri ya akiba, inazibeba kompyuta lakini haizibebi pistoni. Mara mbili mwalimu msaidizi alibonyeza kitufe cha kuweka kati kabla jukwaa halijarudi usawa, na mfumo ukachukua mwinamo ule kuwa ndio sifuri. Kila mwanafunzi aliyefuata aliendesha akiona barabara imepanda. Tumefunga kitufe hicho kwa programu ili kisikubali mpaka pistoni zote tatu ziwe nyumbani, lakini kwenye kiti cha sita kihisio cha pistoni ya nyuma bado kinadanganya siku za joto, na tumekiagizia kingine.

Bolti za kifuatiliaji zinakazwa kila Jumatatu asubuhi. Spana namba 10 imefungwa kwa mnyororo kwenye jukwaa, pembeni ya daftari la kutia sahihi.